Muhuri wa Ndara

Shaame alikuja na karatasi imekunjwa mara nane,
imelowa mafuta ya kalimati.
Kaipata kwa mtoto wa Konde, kwa gololi tatu.
Akanisomea tukiwa bado langoni, msitu wa Ngezi,
kwa sauti ya mtu anayetega kitendawili:

    Anza penye lango kuu, hesabu hatua mia,
    Mvule ulio juu, ubavuni shika njia,
    Mzizi kama mguu, goti umejikunjia,
    Usijitie makuu, inama utafikia.

Mia za nani?
Mia zangu zilinifikisha kwenye dimbwi na siafu.
Mia zake, za miguu ya miaka kumi na moja,
ziliishia kwenye gogo lenye uyoga.
Tukabishana. Juu yetu popo,
miavuli iliyokunjwa ikatundikwa,
wakasogezana kwa kuudhika.
Basi tukapatana bei kama watu wa sokoni:
mimi nirudi kidogo, yeye aongeze kidogo.

Mvule tuliuona kwa mpigo mmoja.
Mzizi umetoka ardhini, umepinda, umerudi ardhini,
goti hasa,
goti la mtu anayefunga kamba ya kiatu.

Kuinama si kazi ndogo kwangu siku hizi.
Nikaweka mkoba, nikashika gome,
nikashuka kwa awamu, kama serikali.
Mkono ukapita majani yaliyooza,
ukapita kitu laini nisichotaka kukijua,
ukagusa bati.

Kopo la maziwa ya unga, limezongwa
mfuko wa plastiki, ile iliyopigwa marufuku.
Ndani yake daftari la shule, penseli iliyotafunwa,
pedi ya wino kavu kama koo la Ramadhani,
na muhuri, umechongwa
kwenye kisigino cha ndara ya buluu.

Pedi kavu hainitishi.
Miaka thelathini na moja dirishani, posta ya Wete:
tone moja la maji, si mawili,
ipindue, hesabu ishirini.
Nikagonga. Ta!
Mkono haukusahau.
Ila herufi zilitoka zimenipa mgongo,
mchongaji alizichonga kama alivyoziona.
"Wamekosea," nikasema.
Shaame akacheka mpaka popo wakasogezana tena:
"Anzia kulia, mama mkubwa, kama chuoni."
Nikaanzia kulia. Ngezi.

Kisha daftari.
*Hamad wa Makangale, nimefika na mbuzi wangu.*
*Sisi ni darasa la sita, mwalimu kapotea, si sisi.*
Mtu kachora samaki tu, akaondoka.
Na ukurasa wa tisa, mwandiko wa kike, wa haraka:
*Usomaye hapa, usimwambie mume wangu
kwamba nimeshamsamehe.
Nataka ahangaike mpaka Ijumaa.*

Nikafunga daftari upesi, kama niliyefumaniwa.
Barua ngapi zimepita mikononi mwangu,
nyingine nene, nyingine zinanuka karafuu,
nyingine zimelowa kabla ya mvua,
sikufungua hata moja.
Leo imenifungukia yenyewe,
haina bahasha, haina stempu,
imeandikiwa yeyote atakayekubali kupinda goti.

Tarehe hakuweka.
Hiyo Ijumaa huenda imepita mara arobaini,
huenda wamezaa, huenda wameachana.
Nikachukua penseli.
Shaame akanyoosha shingo; nikamfunika kwa kiwiko.
Mistari miwili. Nikagonga muhuri juu yake,
taratibu, pembeni, pale stempu inapokaa.

Tukalizonga kopo, tukalirudisha chini ya goti,
majani juu, kama hatukuja.
Njiani kidole gumba kilikuwa cha zambarau,
nikakificha ndani ya kanga.

"Uliyemwandikia atajibu?"
"Atajibu."
"Lini?"
Ikanitoka kabla sijafikiri, sauti ile ile ya dirishani,
kwa yule kijana, kwa yule bibi, kwa wote waliosimama
wakitazama mikono yangu:

"Rudi Alhamisi."